Nyama Tuliyokula Wote

Damu ile ilikuwa ya mbuzi wangu. Naanza hapo kwa sababu wao walipaswa kuanza hapo, wakakataa. Mbuzi huyo nilimleta kutoka Nakawa ndani ya buti ya gari la mteja, akilia njia nzima. Jumamosi asubuhi nilimshika miguu kwa mikono yangu wakati Maalim Zaid anamchinja. Kama kuna mtu Kampala nzima aliyejua damu ile imetoka wapi, ni mimi. Lakini mimi ni nani? Fundi wa rejeta, Mjaluo wa Kisenyi, niliyeishia darasa la nne. Redio ilikuwa na mdomo mkubwa kuliko wangu.

Mbuzi alikuwa wa kumkumbuka Loice, mke wangu. Mwaka ulikuwa umetimia tangu afe. Alifia hospitalini akisubiri chupa ya damu. Walituambia friji ya damu ni tupu. Maalim Zaid, jirani yangu, akakunja mkono wa kanzu pale pale. "Chukueni yangu," akasema. Nesi akamjibu kwamba hata mifuko ya kuwekea damu imekwisha, waziri anajua. Waziri anajua! Loice tukamzika nyumbani Ugenya, Kenya, na waziri bado anajua. Tangu siku hiyo mtu akiniambia serikali imechunguza jambo, namwangalia tu.

Kwa hiyo nilitaka kuwalisha watu wa Kisenyi waliokaa nami matangani. Wengi wao ni Waislamu, na mtaani kwetu hakuna asiyejua hili: ukitaka sufuria moja iwatoshe wote, kisu mpe Mwislamu. Akichinja Mkristo, nusu ya wageni watakula wali mtupu kwa adabu, watashukuru, watakwenda kwao na njaa. Anayetuchinjia ni Maalim Zaid. Kuku wa Krismasi ni yeye, mbuzi wa harusi ni yeye, hata jogoo wa mchungaji wangu. Ukoo wake uko hapa mjini tangu babu wa babu yake alipokuja na misafara kutoka pwani, na yeye anafundisha watoto Kurani barazani kwake. Mimi sina uwanja. Mlango wangu unatazamana na gereji, ardhi yote ni oili. Akaniambia, "Baba Odera, lete mnyama kwangu."

Alichimba shimo dogo kwanza. Ndivyo anavyofanya siku zote, damu iingie humo, ifukiwe, mbwa wasije wakairamba. Mbuzi akanishinda nguvu, akarusha mguu, damu ikamrukia Maalim kifuani. Mke wake, Hindu, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Fundi, wewe rudi kwenye rejeta zako! Mbuzi waachie wenye mikono."

Akaichukua ile kanzu akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya sabuni. Maalim akafukia shimo, akalikanyaga kwa mguu, tukaanza kuchuna.

Mchana tukala. Mchungaji aliomba kwa ufupi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, kwa sababu harufu ya pilau ilikuwa imemfikia. Mansur, mwenye duka la jumla la sukari, alirudia sahani hadi Hindu akamuuliza kama anakula kwa niaba ya ukoo. Alikuwepo Rukiah anayeuza vitenge, na binti yake Farhana, mwanafunzi wa Maalim, mtoto wa miaka saba. Farhana aligombea kipande cha ini na paka na akashinda. Mama yake alipotaka kurudi dukani, mtoto akamwomba abaki acheze na wenzake. Rukiah akamruhusu, akaenda.

Jioni hakufika nyumbani.

Jumapili mtaa mzima ulimtafuta, Hindu mbele yetu akipiga kelele jina lake kila uchochoro. Jumatatu akaonekana kwenye mtaro mkubwa wa Nakivubo, chini ya daraja. Mtu alikuwa amemkata kwa kisu. Sitasema zaidi. Mama yake yuko hai, na haya anaweza kusomewa.

Polisi wakaenda kwa Maalim kwa kuwa mtoto alionekana hapo mara ya mwisho. Hilo sina neno nalo, hata mimi ningeanza hapo. Wakaona udongo uliochimbuliwa na kufukiwa uwanjani. Wakaona ile kanzu bado iko kwenye beseni, maji mekundu, maana Hindu alikuwa ameisahau katika kumtafuta mtoto wa watu. Sasa mtu mwenye akili angeuliza. Wao hawakuuliza. Walimtia Maalim pingu, na kabla ya kumwita daktari, waliwaita waandishi wa habari.

Mwaka ule kila redio ilikuwa ikizungumza habari za kafara, kwamba matajiri wanazika vichwa vya watoto chini ya maghorofa. Watu walikuwa na hofu, na hofu inauza gazeti. Walilifukua shimo la mbuzi wangu mbele ya kamera. Bibi mmoja wa redio, Vera, alisimama juu ya kiti cha Hindu, kipaza sauti mkononi, akitangaza moja kwa moja: "Wasikilizaji, ninaiona damu! Ninaiona kwa macho yangu!" Aliiona, ndiyo. Hakudanganya hapo. Jioni gazeti likatoka na sura ya Maalim ukurasa wote wa mbele, na juu yake maneno: SHEHE WA KAFARA.

Hayo yangeweza kupona. Kilichotumaliza ni gazeti la kesho yake. Mwandishi alikuwa amepata jirani mmoja "asiyetaka kutajwa jina" aliyesema siku ile watu walionekana nyumbani kwa Maalim wakila nyama. Wakapiga picha masufuria ambayo hayakuwa yameoshwa. Wakaandika neno moja tu na alama ya kuuliza: WALIKULA?

Tulikula! Ndiyo, tulikula, nilikuwa ninawalisha mimi! Lakini ona walichofanya kwa neno lile moja. Kila mtu aliyeweza kusema, "Nilikuwepo, alikuwa mbuzi," sasa ilibidi aseme kwanza, "Nilikula." Na nani mjini hapa angesimama kusema alikula? Nyama ilikuwa bado imewakwama kwenye meno, nao wakafunga midomo.

Nilikwenda dukani kwa Mansur.

"Twende polisi ukaseme tulikula mbuzi."

"Mimi? Siku ile mimi nilikuwa naumwa na tumbo."

"Tumbo lako niliona kazi yake! Hindu alichoka kukupakulia."

"Baba Odera, punguza sauti, wateja wanasikia." Akanisogelea. "Nikisema nilikula, kesho wataandika nilikula nini? Nina mabinti wa kuoza, ndugu yangu. Nani ataoa kwa mla watu?"

Nikaenda kwa mchungaji. Akasema yeye aliomba tu. Nikamwambia, "Mchungaji, uliomba dakika moja ukala saa nzima." Akaniambia hasira si ya Mungu.

Basi nikaenda kituoni peke yangu. Afande mwenye kesi aliitwa Ongom, mtu mrefu, buti zinang'aa, Kiswahili chake kile cha kambini.

"Afande, damu ile ni ya mbuzi wangu."

"Mzee, wewe iko na mbuzi, sisi iko na mtoto amekufa. Kwenda nyumbani."

"Andika basi nilichosema."

"Faili imefungwa."

"Faili inafungwaje kabla ya shahidi kusema?"

Akaacha kalamu. "Wewe siku hiyo ulikuwa huko?"

"Nilikuwepo."

"Ulikula?"

"Nilikula."

Akaniangalia mdomoni. Haki ya Mungu, hakuniangalia machoni, aliniangalia mdomoni. Kisha akaniuliza kama ninataka kuingia ndani nikalale na rafiki yangu. Na kibali changu cha kukaa Uganda kiko wapi? Miaka yote niliyofungua rejeta za magari ya serikali yao hakuna aliyeniuliza kibali.

Nikapiga simu kwenye redio ya Vera, kipindi kile cha wasikilizaji. Nikasema mimi ndiye mwenye mbuzi.

"Wasikilizaji, mpigaji wetu anakiri alikuwepo! Baba, ulimsikia mtoto akilia?"

"Nilimsikia mbuzi akilia."

Wakaweka muziki.

Gereji nako bosi akaniambia wateja hawataki gari lao liguswe na mimi. Nikamjibu gari lililochemka halichagui fundi. Akaniambia nikae pembeni mpaka upepo upite. Upepo gani? Nyumba ya Maalim ilikuwa imepigwa mawe, mabati yametoboka, kwenye baraza walipofundishwa watoto mtu amejisaidia. Hindu alikwishachukua wanawe akakimbilia kwa ndugu zake Old Kampala, na huko alikuwa hatoki mlangoni. Kila jioni redio ilimhukumu mume wake upya, na watu kwenye mabaa walibishana kama anyongwe au apewe wananchi.

Aliyebaki ni Rukiah. Yeye alikula, na mtoto wake alikula. Nilikwenda kwake kutoa pole na kuongea. Kaka yake, Abudu, akanizuia mlangoni na mwichi wa kutwangia mkononi.

"Dada yangu hana maneno na rafiki wa mchinjaji."

"Abudu, na wewe sahani yako ilikuja hapa, imefunikwa."

Akainua mwichi. Nikaondoka. Sikumchukia. Yeye alikuwa na msiba. Walioutengeneza uongo walikuwa na mishahara.

Ijumaa ile polisi wakaita waandishi kumwonyesha mshukiwa. Hiyo ndiyo desturi yao hapa: kabla jaji hajakuona, kamera zikuone. Askari wa getini alikuwa na amri ya kunizuia mimi hasa. Nikachukua rejeta moja ya zamani, nikaiweka begani, nikaja nikitweta. "Ya pikapu ya mkuu wa kituo, nimeambiwa haraka." Akanifungulia bila kunitazama uso. Watu wakubwa wanaona mzigo, mbebaji hawamwoni.

Uwanjani walikuwa wameweka meza. Juu yake kisu cha Maalim, ile kanzu ndani ya mfuko wa plastiki, beseni, na ndoo ya udongo. Rukiah alikuwa amekalishwa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki ili kamera zipate machozi, Abudu kando yake. Kisha wakamtoa Maalim. Miguu mitupu, pingu, shati si lake. Askari mmoja alikuwa akimsukuma kidevu kwa fimbo ili uso uonekane vizuri.

"Shehe, tazama huku!"

"Inua kichwa! Kwa nini ulimuua?"

"Nani alikutuma? Tajiri gani?"

Afande Ongom akasoma karatasi yake kwa Kiingereza, akarudia kwa Kiganda. Akasema kesi imekamilika, ushahidi ndio huu mezani, damu ya mtoto kwenye nguo ya mtuhumiwa. Akasema vyombo vya habari vimesaidia sana. Vera akainua kipaza sauti: "Shehe, kwa nini ulimuua?"

Nikaitua rejeta chini kwa kishindo.

"Muulizeni kwanza kama alimuua!"

Wote wakageuka. Askari wawili wakaanza kunijia. Nikasema haraka, kwa sauti yote niliyo nayo, na sauti ya mtu wa gereji mnaijua. "Mimi ndiye mwenye mbuzi! Obonyo, fundi wa rejeta! Damu ile ni ya mbuzi wa ukumbusho wa mke wangu, na nyama yake nilikula mimi! Mmesikia? Nilikula! Piga picha mdomo huu!"

"Mkenya wazimu," mtu akasema. Mwingine akacheka, "Mla watu mwenyewe amejileta." Kamera zikanigeukia, na kamera ziliponigeukia wale askari wakasita. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu.

"Afande, damu ya mtoto umeijuaje? Soma karatasi ya maabara."

"Mtoeni huyu."

"Soma tu karatasi, nitatoka mwenyewe!"

Kijana mmoja wa gazeti dogo, aliyekuwa nyuma kabisa, akasema kwa aibu kama mtu anayeomba maji, "Kweli afande, majibu ya maabara yanasemaje?"

Ongom akapangusa shingo. "Majibu iko njiani."

Hapo ndipo Rukiah aliposimama. Alikuwa hajasema neno wiki nzima mbele ya watu. Alisema polepole.

"Njiani?"

"Mama, kaa chini, tulia."

"Afande, Jumanne ulikuja nyumbani kwangu. Ukaniambia majibu yametoka. Ukaniambia damu ya kwenye kanzu ni ya mwanangu. Nikamlaani mtu huyu na msahafu mkononi."

"Mama, hiyo ni lugha ya uchunguzi..."

"Yametoka, hayajatoka?"

Ongom akatazama meza. "Bado."

Rukiah akanigeukia mimi, na nilidhani atanitukana. "Baba Odera. Mbuzi mlimchinja saa ngapi?"

"Asubuhi, Mama Farhana. Ulipofika nyama ilikuwa imeshaiva."

Akageukia vile vipaza sauti.

"Mimi nilikula nyama ile. Mwanangu alikula nyama ile. Nilimfuta mafuta mdomoni kwa mkono huu. Mkeka tuliokalia ulikuwa kando ya shimo, na shimo lilikuwa limeshafukiwa. Kanzu ilikuwa tayari kwenye beseni, Hindu alitueleza tukacheka. Sasa niambieni nyinyi mliosoma. Damu gani ya mwanangu iliyomwagika asubuhi, na mchana mwanangu akala, akacheka, akaniomba ruhusa ya kucheza?"

Vera akamsogezea kipaza sauti. "Kwa hiyo mama unakubali kwamba mlikula..."

"Mbuzi!" Rukiah alipiga kelele mpaka kunguru wakaruka juu ya paa la kituo. "Sema mbuzi! Sema kwenye redio yako!"

Abudu alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema, na ilimchukua nguvu, "Mimi pia. Nililetewa sahani."

Ongom akatangaza mkutano umekwisha. Haraka sana ulikwisha. Waandishi wakaanza kukunja nyaya zao, wakiangalia saa, wakipigiana simu, maana habari waliyokuja kuchukua haikuwepo tena, na hii nyingine hawakuwa wameiandalia nafasi.

"Ngojeni," Rukiah akawaambia. "Kama si huyu, ni nani? Wiki nzima mmemlinda mwenye kanzu. Aliyemuua mwanangu alikuwa akitembea wapi?"

Mtu wa televisheni alichomoa waya kwenye kamera, akaufunga vizuri, akauweka kwenye mfuko. Ndilo jibu alilopata.

Askari walipoanza kumrudisha Maalim ndani alisimamisha miguu. "Mama Farhana," akasema, "nisamehe sikuja kuzika." Mama yule, aliyekuwa hajalia mbele ya kamera hata moja, akalia wakati kamera zimefungwa.

Hawakumwachia siku hiyo. Walisema kuna taratibu. Kumkamata hakukuwa na taratibu, kumwachia kulikuwa nazo. Mimi na Abudu tulikwenda kuchukua watu mlango kwa mlango, na sasa, kwa kuwa mama wa marehemu mwenyewe amesema alikula, watu walianza kukumbuka. Mansur alikumbuka hata idadi ya viazi. Maabara nayo iliposukumwa na wakili tuliyemchangia ikasema kile alichokijua mbuzi. Maalim akatolewa kwa mlango wa nyuma wa korti, bila kamera. Redio iliyomhukumu kila jioni ilimtaja mara moja, kati ya bei ya mafuta na matokeo ya mpira, na gazeti halikuandika kitu. Nilimwendea mhariri wao. Akaniambia hawakukosea popote: waliuliza tu, kulikuwa na alama ya kuuliza. Nikamwambia aende akaishike hiyo alama ya kuuliza, aitumie kuziba matundu kwenye mabati ya Maalim.

Wanafunzi wake hawajarudi wote. Wapo wazazi wanaomsalimu vizuri na kuvuka barabara. Hindu amerudi, ameipaka baraza chokaa mwenyewe, na anaketi hapo mbele kabisa ili wapitao wamwone.

Na muuaji hajapatikana. Hajatafutwa. Ongom amepandishwa cheo, amehamishwa, na mahali pake yupo kijana mpole anayesema faili analisoma. Kwa hiyo kila Jumatatu tunakwenda kituoni, Rukiah, Maalim na mimi, tunakaa kwenye benchi la mbao. Wa kwanza kuuliza ni Rukiah, kisha Maalim, kisha mimi. Wakati mwingine Mansur huja, akileta visingizio vya wiki iliyopita. Mara moja alipita Vera akitafuta habari nyingine, akatuona, akauliza kama bado tunakuja. Rukiah akamwambia, "Kaa basi." Hakukaa.

Jumatatu iliyopita yule kijana mpole alikuja akichezea funguo.

"Wazee wangu, mama, samahani, ofisi inafungwa."

Rukiah akavua viatu, akapandisha miguu juu ya benchi.

"Fungeni," akasema. "Fungeni na sisi tukiwa ndani."